Gitaa Halilali Chini ya Bati

Juma lililopita nilikabidhi ufunguo wa karakana, na ninyi vijana mnaobaki kwenye benchi mliniomba maneno. Sikuyatoa siku ile kwa sababu mlikuwa mmekwisha kufungua soda, na mtu mwenye soda mkononi hasikilizi. Sasa nayatoa nikiwa nimeketi kwangu, na mjukuu wangu Neema anayaandika, kwa kuwa mimi sikuingia darasani hata siku moja. Nimemwagiza aandike nilichosema, si kile anachodhani nilitaka kusema. Ameshafuta mara mbili.

Sitaeleza nililipwa nini wala nani alinipandisha cheo. Mambo hayo hayajapata kumsaidia mtu kutengeneza kitu. Nitaeleza habari za gitaa kavu, lile la mbao tupu lisilohitaji umeme, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi, na kwa sababu bado ninawaona mkiliegemeza ukutani mahali ambapo jua la saa tisa linalifikia. Niliona. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nahesabu siku za kuondoka, jambo ambalo si sifa njema kwangu.

Nilipanda Kilimatinde mwaka uliofuata Uhuru, nikiwa mtu mzima mwenye mke. Nyumbani kwetu, upande wa Ikungi, nilikuwa nachonga mizinga ya nyuki, na jina langu lilijulikana kwa jambo moja tu: mizinga yangu haikupasuka. Nilisikia kwamba kule mlimani kuna karakana ya useremala inayotafuta mikono, nikaenda kwa miguu na baiskeli ya kuazima, zaidi kwa miguu. Aliyeisimamia karakana hiyo alikuwa Fundi Elia, Mgogo mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Hapana."

"Vizuri. Hutapoteza muda wangu kwa magazeti. Mti je?"

"Mti naujua."

Aliokota vipande viwili vya mbao vilivyofanana kama mapacha, akanipa. "Kipi kimekauka?"

Nilivipima kwa mkono, nikavigonga kwa kidole, nikavinusa, nikafanya kila kitu ambacho mtu hufanya anapotaka aonekane anajua. Nikachagua. Fundi Elia akavichukua, akagusisha kimoja baada ya kingine kwenye mdomo wake wa chini, taratibu, kama mtu anayeonja uji wa moto. Akanirudishia kile nilichokikataa.

"Mbao yenye maji ni ya baridi," alisema. "Mkono wa seremala umekufa kwa sugu, hauwezi kukwambia. Mdomo haujafa. Kesho uje mapema, ufagie."

Nilifagia miezi mitatu. Kila nilichofagia alitaka nikiguse kwanza kwa mdomo, hata maranda, na nimwambie kama mti ule uko tayari au bado. Mafundi wengine wakaniita Mume wa Mbao na kuniuliza lini tunapeleka mahari. Niliwaacha waseme. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nikiigusa mbao asubuhi na kujua kama mvua ilinyesha bondeni, na wao walikuwa bado wanagonga kwa vidole.

Magitaa yalitufikia kwa sababu ya reli. Watu walishuka stesheni nayo kutoka Tabora na Dodoma, wengine walitoka nayo mbali zaidi, na yakifika kwenye upepo wetu mkavu yalianza kulia yenyewe bila kupigwa. Mti, hata ukikatwa, hauachi kunywa maji na kuyatapika. Ukinywa unavimba, ukitapika unasinyaa. Uso wa gitaa ni mbao nyembamba kuliko kifuniko cha sanduku la chai, umegandishwa pande zote kwa gundi, hauna pa kukimbilia. Ukisinyaa, unapasuka. Hiyo ndiyo elimu yote. Yaliyobaki ni kujua mwenye gitaa amelifanyia upuuzi gani, na mara nyingi upuuzi huo hufanywa kwa heshima kubwa.

Mtu wa kwanza kunionyesha hilo alikuwa katekista mmoja aliyekuja na gitaa lake ndani ya blanketi, amelibeba kama mgonjwa. Lilikuwa jeusi tititi. Uso wake ulikuwa na ufa toka kwenye daraja hadi chini kabisa, ufa wa kuingiza kisu. Daraja, kwa wale wapya miongoni mwenu, ni kile kipande cha mti kilichogandishwa chini ya tundu, kinachoshika nyuzi zote.

Fundi Elia alilizungusha mara moja. "Uliliweka wapi?"

"Mahali pazuri kabisa, Fundi. Darini, juu ya mafiga, penye mbegu."

"Kwa nini penye mbegu?"

"Wadudu, Fundi. Na wezi. Nyumbani kwangu hakuna kitu cha thamani kisichokaa pale."

"Hata mkeo?"

"Aa, huyo hapandi. Anasema moshi unamuumiza macho."

"Basi mwenye akili nyumbani kwako tumempata."

Katekista alicheka, lakini alikuwa karibu kulia. Wala hakuwa mjinga. Nyumba zetu zote, kwa Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo, zina mahali pale juu ya moto ambapo mtama wa mbegu hufukizwa moshi ili fukusi wasiuguse. Ndipo mahali pa heshima kuliko pote ndani ya nyumba, kwa kuwa ndipo chakula cha mwakani kinapolala. Lakini mbegu huwekwa pale ili ikauke na kusubiri mvua. Gitaa halisubiri kupandwa.

Nilikuwa nimeshawasha moto chini ya chungu cha gundi. Gundi yetu ilitokana na vipande vya ngozi ya ng'ombe, vilivyochemshwa taratibu hadi vikawa kama asali nzito, na harufu yake ilitosha kuwafukuza wageni wasiokuwa na shida ya kweli. Fundi Elia aliusukuma mkono wangu.

"Unataka kuziba nini?"

"Ufa, Fundi."

"Ukiuziba leo, mvua zikija mbao itavimba, itakuta mahali pake pamejaa gundi, itapasuka kando. Linyweshe kwanza. Ukiwa na subira, ufa utajifunga wenyewe, na wewe utabaki kuufunga mlango tu."

Alinionyesha kifaa ambacho nimekitumia hadi mwezi uliopita. Ni kibuyu kidogo, kile cha kuwekea ugoro, kilichotobolewa matundu kwa msumari wa moto. Ndani unaweka pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoshe hata tone. Unakining'iniza kwa uzi ndani ya tumbo la gitaa kupitia tundu lake, unalifunika gitaa kwa blanketi, unaliweka penye kivuli. Kila asubuhi unajaribu kupitisha wembe kwenye ufa. Siku ya kumi na mbili wembe haukupita. Ndipo tulipotia gundi, na kwa ndani tukagandisha vijiti vitatu vya kukatiza ufa. Katekista aliporudi hakuamini kwamba muda wote huo tulikuwa tunafanya kazi. Alidhani tumelisahau.

Mwaka wa nne niliruhusiwa kutembea peke yangu. Nilitumwa Misigiri, kwa kijana aliyekuwa akipiga kwenye arusi. Nyuzi za dukani zilikuwa hazipatikani siku zile, hivyo wapigaji walifumua waya wa breki ya baiskeli na kutumia nyuzinyuzi zake. Nilinyoosha shingo iliyopinda, nikachonga kwa mfupa wa mbuzi kizingiti kipya, kile kinachoinua nyuzi kichwani mwa shingo, kazi safi. Kisha yule kijana akasema, "Fundi, kaza mpaka lilie kama la redio." Wazee walikuwa wanatazama, wanawake walikuwa wanatazama. Nikakaza.

Lililia kama la redio kwa nyimbo mbili. Wimbo wa tatu daraja liling'oka pamoja na kipande cha uso, likaruka na kumpiga bwana arusi kwenye paji la uso. Hakuumia sana. Bibi arusi alicheka kabla hajajizuia, na nimeambiwa kwamba jambo hilo halikuisha katika ndoa yao. Arusi ilimalizwa kwa ngoma.

Nilirudi Kilimatinde nikiwa nimefunga gitaa mgongoni na kueleza yote bila kupunguza. Fundi Elia hakunigombeza. Alifunga waya mmoja wa breki kwenye boriti ya karakana, akafunga ndoo upande wa chini, akaniambia nijaze mchanga. "Upige waya kwa kidole kila unapoongeza. Usimame utakaposikia sauti uliyompa yule kijana."

Nilijaza. Niliendelea kujaza. Waya ulipofika kwenye sauti ile, ndoo ilikuwa imejaa na nilikuwa nimeongeza tofali juu.

"Sasa mara sita," alisema. "Ndoo sita na matofali sita. Ule mzigo ni mtu mzima na mkewe, umewakalisha juu ya kibao chembamba kama kucha, mchana na usiku, hata wakati hakuna anayepiga. Waya huu umetengenezwa kusimamisha baiskeli yenye gunia. Wewe umeutaka uimbe."

Tangu siku hiyo nilifuata kanuni zake na ninyi mtazifuata. Waya ukiwa mnene, sauti ishuke. Gitaa likisafiri, nyuzi zilegezwe mpaka zilale. Gitaa likikaa wiki bila kupigwa, zilegezwe. Mpigaji atanuna, atasema umemharibia. Mwache anune, uso wake ukikunjamana utanyooka, uso wa gitaa haunyooki. Uzee ulipomchukua Fundi Elia kurudi kwao, aliniachia chungu cha gundi na onyo moja: usipende kusifiwa na mwenye gitaa wakati gitaa bado liko mkononi mwako.

Amri ya kuhamia vijiji ilipotufikia, nilikuwa nimerudi Ikungi na mke wangu, bibi yenu. Tulisogezwa, tukapewa kiwanja, na kwa kuwa msimu ulikuwa umekwenda, nilijenga nyumba niliyoijua: tembe, yenye paa la udongo lililolala na kuta za kutosha kukinga upepo. Ofisi ya kijiji ndiyo iliyokuwa na bati, peke yake, na iling'aa hata mchungaji aliye mbali aliweza kuitumia kutafuta njia.

Mwenyekiti wetu, Ndugu Ntandu, alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa. Kijiji kilikuwa kimepata gitaa kwa ajili ya kwaya, na aliyelipiga alikuwa Saidi, kijana wa Kiislamu kutoka Singida mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara. Mguu wake mmoja ulikuwa umesinyaa tangu utotoni kwa kupooza, akawa anatembea kwa fimbo. Mjini alikuwa akiishi nyuma ya duka la mjomba wake, na mjomba alimwita kiti kinachokula. Alikuja kijijini kwa hiari, jambo ambalo si wengi wetu tungeweza kulidai.

Karani wa kijiji alikuwa na daftari la kazi. Kila mtu mzima aliandikwa humo na kazi yake katika shamba la pamoja. Saidi hakuweza kushika jembe. Mkutano ulikubali kwamba afundishe kwaya, lakini bila moyo mmoja. "Sisi tunalima, yeye anakuna sanduku," walisema wengine, na mbele ya jina lake karani aliacha nafasi wazi. Ikaamuliwa kwamba mambo yatazamwe siku ya kufungua zahanati, watakapokuja wageni wa mkoa. Kwaya ikipendeza, Saidi atakuwa na kazi. Isipopendeza, atarudi mjini. Kila mtu alijua mjini maana yake ni wapi.

Katikati ya kiangazi, Saidi alinijia akiwa amelikumbatia gitaa.

"Shikamoo, Fundi. Linakwaruza. Na linapanda sauti mchana, linashuka usiku, kama mtu mwenye homa."

Nilipitisha ukucha chini ya daraja. Ukucha uliingia. Nikapitisha jani kavu, nalo likaingia: daraja lilikuwa linabanduka.

"Linalala wapi?"

"Ofisini. Mwenyekiti analifungia kwenye kabati, chini ya bati, ufunguo anao yeye. Anasema ni mali ya umma."

Nilikwenda ofisini saa saba mchana. Mle ndani hewa ilikuwa ya tanuri. Ninyi mmezaliwa chini ya bati na mmelizoea. Mchana linaoka, na usiku wa mwezi wa saba, upepo wetu unapokuja, linageuka barafu. Gundi ya ngozi hulainika kwa joto, na wakati imelainika, yule mtu na mkewe, wale wa ndoo sita, bado wanavuta.

"Ndugu Mwenyekiti, gitaa hili lihamie kwenye tembe."

"Tembe ipi?"

"Yangu."

Aliweka kalamu chini. "Ndugu Fundi, kila wiki nasimama mbele ya watu nawaambia tuache nyumba za tembe, tujenge za kisasa. Leo nitoe mali ya kijiji kwenye nyumba ya bati, niipeleke kwenye tembe? Watasema mwenyekiti wao amechanganyikiwa."

"Waache waseme. Udongo hauchemki saa saba."

"Na ofisi nitaiambia nini?"

"Ofisi haina masikio, Ndugu Mwenyekiti. Gitaa ndilo lenye masikio."

Hakupenda. Nikaenda nyumbani, nikarudi na bonge la nta ya nyuki, nikaligawanya sawa kwa sawa na kulifinyanga vijiti viwili vinene kama kidole. Kimoja nilikisimamisha kwenye kabati lake, cha pili kwangu ndani. Nikamwomba kesho yake saa nane aje avitazame vyote viwili. Cha kwangu kilikuwa kimesimama. Cha ofisini kilikuwa kimeinama hadi kugusa ubao, kama mtu anayesali. Mwenyekiti alijaribu kukisimamisha kwa kidole, kikainama tena. "Lichukue ulitengeneze," alisema. "Lakini ni kwa matengenezo. Usiseme limehamia."

Sikusema. Nilililaza kwenye chumba cha ndani, mbali na moto, mtungi wa maji ukiwa kwenye kona, kibuyu changu tumboni mwake. Msije mkafikiri kwamba tembe ni dawa ya kila kitu. Masika paa la udongo hulowa, na gitaa lililosahauliwa humo huota ukungu na kuvimba mpaka nyuzi zinyanyuke kama kamba ya kuanikia nguo. Wakati huo kibuyu hutolewa, na gitaa hutolewa nje asubuhi lipate upepo kivulini. Hakuna nyumba inayolichunga gitaa. Mtu ndiye anayelichunga.

Siku tano nililinywesha. Siku ya sita niliondoa daraja lote, nikasafisha gundi ya zamani kwa patasi, nikaligandisha upya na kulifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko. Gundi ile inataka siku tatu, katika ukavu wetu, kabla ya kubeba mzigo. Wageni walikuwa wanakuja baada ya siku tano. Nilikuwa na muda wa kutosha na nikalala vizuri.

Kesho yake mchana alifika mjumbe kwa baiskeli: wageni watakuja kesho.

Mwenyekiti na Saidi walikuja pamoja kwangu. Bibi yenu aliwapa vigoda, lakini Mwenyekiti hakuketi.

"Ndugu Fundi, litie nyuzi."

"Gundi haijakomaa."

"Wageni hawaulizi habari za gundi."

"Watauliza daraja likimpiga mmoja wao usoni. Nimeshaliona hilo."

Saidi alikuwa anaichora ardhi kwa ncha ya fimbo yake. Alisema bila kuinua kichwa, "Fundi, kesho nisipopiga, keshokutwa niko nyuma ya duka."

Nataka mjue kwamba nilitaka kukataa. Fundi Elia angekataa, na angekuwa sahihi kuhusu gundi. Lakini nilimtazama yule kijana, kisha nikalitazama gitaa, nikaacha kujiuliza kama daraja litabeba na kuanza kujiuliza litabeba kiasi gani. Hilo ni swali jingine kabisa, na ndilo swali la fundi.

"Nitatia nyuzi nne," nilisema. "Na zitakuwa chini, hatua mbili chini ya ulivyozoea."

Saidi aliinua kichwa. "Nne? Fundi, mimi si mpiga zeze."

"Zeze lina uzi mmoja na watu wanalilia msibani. Wewe una nne unanung'unika?"

"Na kwaya je? Akina mama wamejifunza nyimbo juu."

"Watashuka."

"Hawashuki, Fundi. Huwajui."

"Ninaishi na mmoja wao," nilisema, na bibi yenu akanijibu kutoka jikoni kwamba kwaya itashuka ikiombwa vizuri, si kwa kuamriwa. Saidi alikwenda kuwaomba yeye mwenyewe. Jioni ile walijaribu nyimbo uani kwangu, na zilisikika kama nyimbo wanazoimba wakisaga mtama, nzito, zisizo na papara. Mwenyekiti alisikiliza akiwa na wasiwasi. Alisema zinasikika kama kazi. Nikamwambia ndivyo wimbo wenyewe unavyosema.

Asubuhi ya siku ya wageni nilimwekea Saidi kiti kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati. Mwenyekiti akakihamishia katikati ya uwanja, penye bendera na jua. Nikakirudisha. Akakihamisha. Nikakirudisha tena, na safari hii nikakikalia. Wageni wakawa wanafika, hivyo akaniacha.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda. Mimi sikuwa nawatazama wageni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Saidi, macho yangu kwenye daraja. Katikati ya wimbo wa tatu niliona mstari mweusi upande wa nyuma wa daraja, mwembamba kama unywele. Haukuwapo kabla. Saidi naye aliusikia chini ya mkono wake, kwa sababu aligeuka akanitazama, na uso wake ulikuwa umekauka. Nilishusha kiganja changu polepole kuelekea chini, kama unavyomtuliza ng'ombe. Akaelewa. Mwisho wa ubeti alilegeza nyuzi zote nne, haraka, huku akina mama wakiendelea peke yao, kisha akawapokea kutoka chini, na wao wakamfuata huko chini bila kuulizwa.

Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Wazee waliokaa kwenye benchi la nyuma, ambao kwaya ile haikuwahi kuwagusa kwa sababu iliimba juu mno kwa makoo yao, walikuta wimbo umewafikia mahali walipo. Mmoja akaanza kuitikia, akafuata wa pili, kisha benchi zima, na baada yao watu waliokuwa wamesimama. Wale waliosema Saidi anakuna sanduku nao walikuwamo, nami nilimwona mmoja wao akiimba kwa macho yaliyofumbwa. Wimbo uliishia chini kabisa, na mstari kwenye daraja haukuongezeka.

Mgeni mkubwa alimwinamia Mwenyekiti. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Huyu kijana anafanya kazi gani hapa kijijini?"

Ndugu Ntandu alikuwa na sauti kubwa, kama nilivyosema, na safari hii aliitumia vizuri. "Hiyo uliyoisikia," alisema. "Ndiyo kazi yake."

Gitaa halikurudi ofisini. Mkutano uliofuata Mwenyekiti alitangaza kwamba kabati linahitajika kwa ajili ya majembe mapya, hivyo gitaa lisubiri kwa Fundi kwa muda. Majembe hayo sikuyaona, wala sikuyaulizia. Mtu aliyekubali kosa lake mbele ya kijiti cha nta hana haja ya kulikubali tena mbele ya mkutano.

Siku chache baadaye nilipita ofisini kupeleka kigoda nilichokuwa nimekitengeneza. Karani alikuwa amelifungua daftari la kazi juani, wino ukauke. Nilimwomba anionyeshe jina la Saidi. Akateremsha kidole akinisomea majina na kazi za watu, jembe, jembe, mifugo, jembe, mpaka akafika kwenye ile nafasi iliyokuwa wazi. Alikuwa ameandika humo: gitaa. Sikujua herufi hata moja, lakini nilisimama pale nikalitazama neno lile mpaka karani akaniuliza kama kuna kosa. Halikufanana na lililokuwa juu yake wala lililokuwa chini yake, na hilo niliweza kuliona.